Gharama ya Kukausha Nguo kwa Mashine: Lita Moja ya Maji, Uniti Moja ya Stima

Masika yanapoingia Kwale, kamba za kuanikia nguo huwa na kazi ngumu. Kuanzia Tiwi hadi Vanga, hewa hujaa unyevu wa bahari, mawingu hufunika jua, na nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kuvaliwa Jumatano ikiwa bado na ubaridi wa maji. Sare za shule hunuka uvundo. Mashuka ya wageni hurundikana. Ndipo wakazi wengi, hasa wenye nyumba za kukodisha Diani, Galu na Ukunda, huanza kuulizia mashine ya kukausha nguo, ambayo wengi huiita draya.

Dukani, mnunuzi huambiwa bei ya mashine. Swali ambalo hukosa jibu ni la pili: itakula stima kiasi gani kila mwezi? Somo hili linamwonyesha mkazi namna ya kujibu swali hilo mwenyewe, kwa kutumia ujumbe wa tokeni ulio kwenye simu yake, mizani ya kawaida na hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Hesabu hiyo humfaa pia asiye na nia ya kununua draya, hasa mpangaji anayechangia mita moja na majirani.

UNITI MOJA NI NINI

Stima huuzwa kwa uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kinachofanya kazi kwa saa moja mfululizo. Balbu ya wati 10 huhitaji saa 100 kumaliza uniti moja. Feni ya wati 60 huhitaji karibu saa 17.

Draya nyingi za majumbani zinazotumia waya wa joto huwa na nguvu ya kati ya wati 2,000 na 2,700. Mashine ya wati 2,500 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula uniti mbili na nusu kwa saa. Wati hizo huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma ya mashine au ndani ya mlango wake.

Hata hivyo, wati pekee hazitoshi. Nguo zilizoloa sana hukaa ndani ya mashine muda mrefu kuliko zilizokamuliwa vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia muda, mkazi anapaswa kujua mambo mawili: bei halisi anayolipia uniti moja, na kiasi cha maji kilichomo ndani ya nguo zake.

JINSI YA KUJUA BEI YAKO HALISI

Bei ya stima nchini huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Anayenunua tokeni kutoka Kenya Power halipi gharama ya umeme pekee. Ndani ya pesa zake mna gharama ya mafuta yanayotumika kuzalisha umeme, marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, ada ya EPRA, ada ya mamlaka ya maji, ushuru wa kusambaza stima vijijini na ushuru wa ziada wa thamani, VAT, wa asilimia 16. Baadhi ya ada hizi hubadilika kila mwezi. Ndiyo maana kiasi kile kile cha pesa huleta uniti nyingi mwezi mmoja na chache mwezi unaofuata.

Njia rahisi ya kupata bei halisi ni kufungua ujumbe wa tokeni, kuangalia jumla ya pesa zilizolipwa, kisha kuzigawanya kwa uniti zilizoingia. Ikiwa Sh900 zimeleta uniti 30, basi kila uniti imegharimu Sh30. Mwenye bili ya kila mwezi hufanya vivyo hivyo: jumla ya bili kugawanywa kwa uniti zilizotumika.

Katika somo hili, bei ya Sh30 kwa uniti inatumika kama mfano. Mkazi aweke bei yake mahali pa Sh30, na majibu yatakuwa ya nyumba yake.

MAJI YALIYO NDANI YA NGUO

Kila anayepika anajua kwamba sufuria ya maji huchemka upesi, lakini ikiachwa motoni mpaka ikauke kabisa huchukua muda mrefu sana. Sababu ni kwamba kuyageuza maji kuwa mvuke kunahitaji joto jingi. Joto la kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni karibu mara saba ya lile lililotumika kuyafikisha maji hayo ya bomba kwenye kuchemka.

Draya hufanya kazi hiyo hiyo. Haiyachemshi maji, lakini lazima iyageuze kuwa mvuke ili yatoke kwenye nguo. Kwa kanuni za fizikia, lita moja huhitaji takriban theluthi mbili za uniti. Ukiongeza joto linalopotea kwenye hewa na kwenye mwili wa mashine, draya ya waya wa joto hutumia karibu uniti moja kwa kila lita. Hii ndiyo kanuni ya kukumbuka: lita moja ya maji, uniti moja ya stima.

Nguo zina lita ngapi? Hapa mizani inasaidia, hata ile ndogo ya kuning'iniza inayotumika sokoni. Nguo hupimwa zikiwa kavu kabla ya kufuliwa, kisha hupimwa tena baada ya kukamuliwa. Tofauti ya kilo ndiyo lita za maji zilizobaki, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Nguo za pamba zilizokamuliwa na mashine ya kufua inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hubaki na maji ya takriban asilimia 60 ya uzito wake mkavu. Mashine ya mizunguko 1,400 hushusha kiwango hicho hadi karibu asilimia 50. Taulo, jinzi na mashuka mazito yaliyokamuliwa kwa mkono yanaweza kubeba maji karibu sawa na uzito wake mkavu.

Kwa fungu la nguo za kilo saba, hesabu huwa hivi:

- Zilizokamuliwa na mashine, mizunguko 1,000: maji lita 4.2, karibu uniti 4.5, sawa na Sh135.
- Zilizokamuliwa kwa mkono: maji yapata lita 7, karibu uniti 7, sawa na Sh210.

Nguo ni zile zile na mashine ni ile ile. Tofauti ya Sh75 imetokana na ukamuaji peke yake.

Na ukamuaji wa mashine ni rahisi mno. Chombo cha kukamulia kilicho kwenye mashine za kufua zenye mapipa mawili hutumia yapata wati 200. Kikizungushwa kwa dakika tano, hula chini ya sehemu moja ya hamsini ya uniti, ambayo ni kama senti 50. Maji yanayotolewa kwa kuzungushwa hugharimu senti. Yanayotolewa kwa joto hugharimu makumi ya shilingi. Mwenye kununua kifaa kimoja tu cha kumsaidia wakati wa masika aanze kwa kufikiria cha kukamua.

AINA MBILI ZA DRAYA

Draya zote zinafanana kwa macho, lakini kwa matumizi ya stima ziko za aina mbili kuu.

Aina ya kwanza hupasha hewa kwa waya wa joto. Baadhi hutoa mvuke nje kwa bomba, na nyingine huupoza na kukusanya maji kwenye tangi dogo linalomwagwa baada ya kila fungu. Zote mbili hula karibu uniti nne hadi tano kwa fungu la kilo saba lililokamuliwa vizuri. Bei yake dukani huwa ya chini.

Aina ya pili hutumia pampu ya joto. Utaratibu wake ni kama wa friji: joto halitupwi, bali huchukuliwa kutoka kwenye hewa yenye mvuke na kurudishwa tena kwenye nguo. Kwa kuwa joto moja hutumika mara nyingi, fungu lile lile hukauka kwa takriban uniti mbili. Huchukua muda mrefu zaidi, na bei yake dukani ni ya juu.

Familia inayokausha mafungu matatu kwa wiki hufikisha mafungu 13 kwa mwezi, na 156 kwa mwaka. Kwa Sh30 kwa uniti:

- Draya ya waya wa joto: uniti 58.5 kwa mwezi, Sh1,755. Kwa mwaka, Sh21,060.
- Draya ya pampu ya joto: uniti 26 kwa mwezi, Sh780. Kwa mwaka, Sh9,360.

Tofauti ni Sh11,700 kwa mwaka. Ikiwa mashine ya pampu imezidi ya waya kwa Sh40,000 dukani, pesa hizo hurudi baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Lakini kwa familia itakayokausha mafungu 30 tu kwa mwaka, wakati wa mvua peke yake, akiba huwa Sh2,250 kwa mwaka, na itachukua zaidi ya miaka 17 kurudisha Sh40,000 hizo. Mashine yenyewe huenda ikafa kabla ya wakati huo. Kwa hiyo hakuna aina moja inayomfaa kila mtu. Idadi ya mafungu ndiyo inayoamua.

MAKUNDI YA BEI: MAHALI WENGI HUUMIA

Hesabu iliyotangulia imechukulia kwamba bei ya uniti haibadiliki nyumba inapoongeza matumizi. Kwa wateja wa majumbani, sivyo ilivyo. Tangu Aprili 2023 bei yao imegawanywa katika makundi matatu:

- Wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa.
- Wanaozidi uniti 30 lakini hawapiti 100 hulipa bei ya kati.
- Wanaozidi uniti 100 hulipa bei ya juu.

Kundi la mteja huamuliwa na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Mteja akipanda kundi, bei mpya hutozwa kwa uniti zake zote, si zile za ziada pekee. Balbu, friji na televisheni, ambavyo matumizi yake hayajabadilika, navyo huanza kulipiwa bei ya juu.

Chukua mfano wa familia inayotumia uniti 70 kwa mwezi, na tuseme bei ya kundi la kati ni Sh26 na ya kundi la juu ni Sh30. Bila draya, familia hulipa Sh1,820.

Ikinunua draya ya waya wa joto na kukausha mafungu 13 kila mwezi, matumizi hufika uniti 128.5. Wastani wa miezi mitatu ukishapita 100, malipo huwa Sh3,855. Nyongeza ni Sh2,035. Kati ya hizo, Sh1,755 ni za draya, na Sh280 ni adhabu ya zile uniti 70 za awali kupandishwa bei.

Ikinunua ya pampu ya joto na kukausha mafungu yale yale, matumizi hufika uniti 96. Familia hubaki kundi la kati na kulipa Sh2,496. Nyongeza ni Sh676.

Kuna njia ya tatu, ambayo haihitaji mashine ya bei ghali. Familia yenye draya ya waya wa joto inaweza kuitumia mwezi mmoja tu wa mvua kubwa, tuseme Mei, kwa mafungu 10. Mwezi huo matumizi hufika uniti 115. Lakini wastani wa miezi mitatu, yaani 70, 70 na 115, ni uniti 85. Kundi halibadiliki. Gharama ya ziada ni uniti 45 kwa Sh26, yaani Sh1,170, mara moja kwa msimu.

Draya ikitumiwa kama mwavuli, wakati wa mvua tu, bajeti ya nyumba huweza kuihimili. Ikitumiwa kila wiki, mwaka mzima, hubadilisha bei ya kila kitu kilicho na waya ndani ya nyumba.

NYUMBA ZENYE MITA MOJA

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wapangaji wa Ukunda, Kona ya Musa, Msambweni mjini na kwingineko ambako nyumba kadhaa kwenye ploti moja huchangia mita moja.

Wapangaji wanne wanaotumia uniti 28 kila mmoja, kila mmoja akiwa na mita yake, wote huwa katika kundi la bei ya chini kabisa. Wakiwa kwenye mita moja, matumizi yao huhesabiwa kwa pamoja: uniti 112. Mita hiyo huingia kundi la juu, na mwenye balbu mbili na redio hulipa bei sawa na ya nyumba kubwa yenye kiyoyozi. Mpangaji mmoja akileta draya, wote hubeba mzigo, hasa pale ambapo pesa za tokeni hukusanywa kwa kugawanya sawa kwa kila mlango.

Suluhisho la kudumu ni kila nyumba kuombewa mita yake Kenya Power. Kabla ya hapo, wapangaji na mwenye ploti wanaweza kukubaliana kuweka mita ndogo za ndani na kulipa kwa kusoma, si kwa kukisia. Hesabu yake ni nyepesi: jumla ya pesa za tokeni za mwezi hugawanywa kwa jumla ya uniti zilizotumika, kisha bei hiyo huzidishwa kwa uniti za kila mmoja. Pasipo na mita ndogo, ni haki ya majirani kujua nani ana kifaa kinachokula stima nyingi, na ni vyema mwenye kifaa hicho aongeze mchango wake kabla ya kuulizwa.

KUPUNGUZA GHARAMA BILA KUNUNUA MASHINE

Upepo wa Pwani haulipiwi. Hata wakati wa masika, kusi huvuma, na nguo hukaushwa na upepo kama inavyokaushwa na jua. Kinachohitajika ni kuuruhusu upite.

Kamba ikifungwa kwenye baraza lenye paa, nguo hupata upepo bila kunyeshewa. Ni vyema nguo zitenganishwe, zisipandane, na jinzi zigeuzwe ndani nje ili mifuko ikauke. Wakati wa mvua, kufua nguo chache kila siku ni bora kuliko kurundika za wiki nzima, kwa sababu kamba iliyojaa haipitishi hewa. Nguo zianikwe mapema asubuhi na kuanuliwa kabla ya magharibi, kwa kuwa hewa ya bahari ya usiku huzirudishia unyevu. Diani, ambako kima na tumbili hutembea juu ya paa na kamba, kamba iliyo karibu na mlango huwa na usalama zaidi kuliko ya nyuma ya ua.

Pale ambapo hakuna baraza, chumba chenye madirisha mawili yaliyo wazi na feni kinatosha. Feni ya wati 60 ikielekezwa kwenye nguo kwa saa 10 hutumia uniti 0.6, sawa na Sh18. Huo ni umeme mdogo sana ukilinganisha na uniti 4.5 za draya. Madirisha yasifungwe, kwani mvuke ukibaki ndani huleta ukungu kwenye kuta, na ukungu si mzuri kwa mwenye pumu.

Mwenye draya naye anaweza kuchanganya njia. Nguo zikianikwa barazani asubuhi na upepo ukachukua lita tatu kati ya nne, draya hubakiwa na lita moja tu ya kumalizia. Kwa kanuni ya lita moja uniti moja, fungu ambalo lingegharimu Sh135 humalizwa kwa takriban Sh30.

Pasi pia ihesabiwe. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima hula hadi uniti moja. Nguo ikiwa na unyevu kidogo hunyooka upesi, lakini kuipiga pasi nguo iliyoloa ili ikauke ni kuigeuza pasi kuwa draya. Hata hivyo, pasi ya moto ina kazi nyingine. Katika maeneo ya joto ya Afrika kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na mabuu yake huingia kwenye ngozi na kusababisha jipu. Pasi ya moto, hasa kwenye mishono ya nguo za ndani na za watoto wachanga, huua mayai hayo.

WENYE NYUMBA ZA WAGENI

Nyumba ya kukodisha yenye wageni wanaobadilika mara mbili kwa wiki haiwezi kungoja jua. Kwa mwenye nyumba hiyo, gharama ya kukausha ni sehemu ya gharama ya biashara, na yafaa iingizwe kwenye bei ya kulala. Fungu moja la mashuka na taulo kwa draya ya waya wa joto ni karibu Sh135 za stima, bila sabuni, maji na kazi ya anayefua. Anayebadilisha mashuka mara nane kwa mwezi hutumia Sh1,080. Bei hii ndiyo ya kulinganisha na anayotozwa na dobi au kampuni ya kufua kabla ya kuamua kununua mashine. Wateja wa biashara wana viwango vyao vya stima, hivyo ujumbe wa tokeni au bili ya biashara ndiyo itumike, si ya nyumbani.

Wenye paneli za sola nao wafikiri mara mbili. Draya ya wati 2,500 huhitaji inveta kubwa, na fungu moja likikaushwa usiku huweza kumaliza betri ya nyumba ndogo. Na siku ambayo jua ni kali kiasi cha kuendesha draya kwa paneli ni siku ambayo kamba ingekausha nguo hizo bure.

USALAMA

Draya huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu. Mashine ya wati 2,500 kwenye stima ya volti 240 hutumia zaidi ya ampea 10, karibu na kikomo cha plagi ya kawaida ya ampea 13. Kwa hiyo:

- Ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni, na hasa si ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu.
- Soketi ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Hewa ya chumvi hula shaba, na soketi iliyolegea hupata moto.
- Kichujio cha nyuzi za nguo kisafishwe baada ya kila fungu. Nyuzi zikijaa, mashine hutumia stima zaidi, na nyuzi hizo hushika moto kwa urahisi.
- Nguo zenye petroli au mafuta zisiingizwe: ovaroli za gereji, vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kupikia, na taulo za kukandia mwili. Mafuta yakipashwa joto kwenye kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka yenyewe, hata baada ya mashine kuzimwa.
- Stima ikipotea katikati ya kazi, nguo zitolewe zikiwa bado na joto na kutandazwa, zisiachwe zimejazana ndani.

KABLA YA KULIPA PESA DUKANI

Anayefikiria kununua draya anashauriwa kuandika majibu ya maswali haya kwenye karatasi:

1. Uniti moja hunigharimu shilingi ngapi? Pesa kugawanywa kwa uniti, kutoka kwenye ujumbe wa tokeni.
2. Wastani wangu wa miezi mitatu ni uniti ngapi, na nimebakiwa na nafasi gani kabla ya kufika 100?
3. Nguo zangu hubaki na lita ngapi za maji baada ya kukamuliwa? Tumia mizani.
4. Nitakausha mafungu mangapi kwa mwaka, na mangapi kati ya hayo ni ya msimu wa mvua?
5. Je, mita ni yangu peke yangu, au kuna jirani atakayelipia mashine yangu?

Wenye draya tayari wanaweza kupima wenyewe. Usiku vifaa vingine vikiwa vimezimwa, uniti zilizobaki kwenye mita husomwa kabla ya kuwasha mashine na tena inapomaliza. Tofauti huzidishwa kwa bei ya uniti. Friji ikiachwa ikiwaka, hesabu itazidi kidogo.

Mwenye swali kuhusu kundi lake la bei au matumizi yake ya miezi iliyopita anaweza kupiga *977# au kufika katika ofisi ya Kenya Power iliyo karibu naye, akiwa na namba ya mita. Ni vyema aende kabla ya Aprili, masika yakiwa bado hayajaanza na kamba ikiwa bado inafanya kazi bila malipo.